Okestra Iliyokuja Kalama kwa Betri ya Gari

Miaka ya 1980 umeme haukuwa umefika kijijini kwetu Kalama, lakini runinga ilikuwapo. Ya mjomba ilikuwa Great Wall, nyeusi na nyeupe, na betri yake tuliifunga nyuma ya baiskeli kuipeleka soko la Kola kuchajiwa. Antena ilikaa juu ya mlingoti wa mkaratusi. Mtoto mmoja aliuzungusha, wengine wakimpigia kelele kutoka ndani: hapo hapo, rudisha kidogo! Sauti ya Kenya, ambayo tangu 1989 ni KBC, ilifungua matangazo yake ya runinga jioni, nasi tulivizia katuni kabla ya taarifa ya habari ya saa moja.

Nyumbani tulisema Kikamba. Kiswahili tulikuwa nacho cha shule na cha soko. Kiingereza cha Wamarekani kilitupita mbio. Tom na Jerry hawakutudai lugha yoyote. Paka na panya wale karibu hawasemi, na yote ambayo wangeyasema yamo katika muziki.

Ila kilichotufunza kusikiliza hasa ni betri. Ikianza kuchoka, picha ilinywea kutoka pembeni, ikabaki kidirisha katikati ya kioo, halafu ikapotea kabisa huku sauti ikiendelea. Hakuna aliyeinuka. Tulikaa gizani tukisimuliana: sasa ananyata, sasa amemwona, sasa amejigonga. Fidla zilizodonolewa kwa vidole zilikuwa nyayo. Sauti iliyopanda ngazi kwa haraka ilikuwa mtu anayekimbia, na tarumbeta zikilipuka tulijua paka kapatikana. Tulibishana juu ya mengi, lakini kuhusu nani anafukuzwa na nani ameumia hatukubishana, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kuona fidla kwa macho yake.

Susu, nyanya yetu, alikaa karibu na mlango. Macho yake yalikuwa na ukungu, hivyo kwake picha haikuwa na maana, iwe ipo au haipo. Kabla ya kubatizwa alikuwa akipiga ngoma ya kilumi, ngoma ya wanawake wazima na ya mizimu, ambayo wamishonari waliipiga vita Ukambani. Jioni moja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuambia kwamba anayepiga pale hampi mchezaji nafasi ya kupumua, na kwamba lazima anamtazama miguu.

Nimesoma mengi tangu siku hizo na sijapata maelezo yanayomshinda Susu. Katuni hukimbia picha 24 kwa sekunde. Mtunzi alipewa karatasi inayoonyesha kila hatua na kila kipigo kinaangukia picha ya ngapi, akaandika noti zake juu ya hesabu hiyo. Wapigaji walivaa visikizi vyenye mdundo wa kuwaongoza, ili okestra nzima itue pamoja na mguu wa paka. Kweli walikuwa wakimtazama miguu.

Jina la muziki wenyewe nililipata nikiwa mtu mzima, Nairobi, redio ikiwa imewashwa. Piano ilianza polepole, kwa majivuno, nami nikajua kitakachofuata kabla hakijafuata. Mtangazaji akataja Rapsodi ya Hungaria namba 2, ya Franz Liszt. Ndiyo anayopiga Tom akiwa amevaa koti la mkia katika The Cat Concerto ya 1947, Jerry akiwa amelala ndani ya piano. Filamu hiyo ilishinda Oscar. Mwaka mmoja kabla, studio ya Warner ilikuwa imemwekea sungura wake, Bugs Bunny, kibao hicho hicho, na pande mbili zikashutumiana wizi.

Liszt alikufa 1886, na Rossini, mtunzi mwingine ambaye katuni zilimchukua, 1868, kwa hiyo studio hazikuwa na wa kumlipa. Hiyo ni sababu moja, ya fedha. Nyingine ni kwamba watazamaji wa sinema za Marekani walikwisha kuuona muziki ule kuwa wa watu wenye adabu, na kumwona paka akiuvuruga kukawachekesha. Wapo wanaosema katuni ziliushusha hadhi. Siwaungi mkono hata kidogo. Sisi wa Kalama hatukuwa tumeambiwa kwamba una hadhi, wala kwamba si wetu. Tuliupokea kama tulivyopokea ngoma nyingine yoyote, kwa masikio na kwa mwili, na kicheko hakikutuzuia kuusikia.

Aliyeutengeneza muziki wa filamu ile kutokana na Liszt ni Scott Bradley. Alikuwa mtunzi makini, aliyethubutu hata kutumia mtindo wa noti kumi na mbili wa mtunzi Schoenberg katika katuni, na aliamini katuni inastahili muziki mzuri kuliko wote. Alifariki 1977. Jina lake lilipita kwenye kioo cha mjomba mwanzoni mwa katuni nyingi alizozitungia, betri ikiwa bado ina nguvu, na hakuna aliyetusomea. Wajukuu zangu wakitazama Tom na Jerry kwenye simu, nasimamisha picha hapo nawasomea.