Mkungu na Shina

Siku ya soko pale Marangu Mtoni akina mama hushusha mikungu ya ndizi, na mnunuzi huichagua, hupatana bei, hujitwika na kwenda zake. Sijapata kumsikia mnunuzi akidai apewe na shina. Kila mtu anajua kwamba shina limebaki kihambani pamoja na machipukizi yake, na mwakani litazaa tena kwa faida ya mwenye shamba. Biashara ya ndizi ina heri hiyo, kwamba kinachouzwa na kisichouzwa vinajulikana bila kuulizana. Katika biashara ya picha jambo hilo halijatulia mpaka leo.

Zamani za filamu lilikaribia kutulia. Ulikwenda studio mjini Moshi, ukakaa mbele ya pazia, ukapewa risiti yenye namba, ukarudi baada ya siku kadhaa picha zikiwa zimesafishwa. Ulicholipia kilikuwa karatasi. Negativu ilibaki studio ndani ya bahasha, na ukitaka nakala ya kumpelekea shangazi Rombo ulirudi na namba yako. Mpiga picha alijua kwamba utarudi, kwa hiyo bei ya kwanza aliweza kuilegeza. Tena utunzaji ule ulikuwa na faida kwa wote. Kule Unguja, studio ya Capital Art, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na kuendelezwa na mwanawe Rohit, imehifadhi picha za watu na mitaa ambazo pengine zisingeonekana tena kama kila negativu ingechukuliwa na mwenyewe.

Siku hizi filamu imekwisha, na shina limekuwa faili. Mteja anaona kijana anabonyeza kitufe, halafu anauliza, "Umetumia nini hata bei iwe hii? Nitumie tu kwenye simu." Lakini kamera ilinunuliwa, kompyuta na umeme vinalipiwa, kuna nauli ya kupanda Kibosho au Uru, na kuna saa nyingi za kuchagua na kurekebisha picha moja moja. Akilitoa faili, nakala zote zijazo zitachapwa kwingine naye asipate senti. Basi akilitoza zaidi ya karatasi, ndugu msomaji, mimi simwiti mlafi. Ameuza shina, na shina lina bei yake.

Shida iko mahali pengine. Desemba moja, watoto wote walipokuwa wamepanda nyumbani kama ilivyo desturi ya Wachaga, tulimwita mpiga picha ampige Mama akiwa katikati yetu, na tena peke yake. Tulipatana kwa hesabu ya picha zilizochapwa. Dada yetu mkubwa alipouliza habari ya mafaili, yule kijana alimgeukia Mama na kusema, "Msiwe na shaka, Mama, hizo ninazo." Tulilipa tukaagana vizuri.

Mama alifariki miaka miwili baadaye. Picha yake ukutani ilikuwa imeingia unyevu na kugandamana na kioo, nasi tulihitaji picha kubwa ya kuweka mbele ya jeneza na nyingine ya kuchapa kwenye ratiba ya ibada. Tulimpigia simu kijana. Alitupa pole, kisha akataja bei ya faili moja iliyopita bei ya kazi yote ya siku ile. Kwa WhatsApp akatuma mfano wake: Mama anatabasamu, na jina la studio limepita kifuani kwake. Mazishi yalikuwa kesho yake. Tulichanga tukalipa.

Hakutuibia. Mali aliyokuwa nayo alikuwa na haki ya kuitajia bei. Lakini bei ya sokoni ni ile ambayo ukiikataa unaweza kwenda kwa muuzaji wa pili. Kwa uso wa marehemu hakuna muuzaji wa pili, na mfiwa hana nafasi ya kubishana bei.

Nimejaribu kuona kama sheria ingetusaidia. Nchi zenyewe zimegawanyika. Uingereza, kwa sheria za mwaka 1911 na 1956, ilimpa hakimiliki ya picha iliyoagizwa yule aliyeiagiza na kuilipia. Sheria ya mwaka 1988 ikaihamishia kwa mpiga picha, ila aliyeagiza picha kwa matumizi ya nyumbani akaachiwa haki ya kukataa isitangazwe hadharani. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2001, huihesabu kuwa ya aliyeagiza, isipokuwa wamepatana vingine. Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Lakini hakimiliki ni jambo moja, na faili kuwamo ndani ya kompyuta ya mtu ni jambo jingine. Kompyuta ikifa, haki yako haitafufua picha.

Kwa hiyo kinachobaki ni mapatano, na wakati wake ni kabla ya mtu kukaa kitini. Karatasi ni bei gani, na faili ni bei gani? Nitapewa faili kamili la kuchapia picha kubwa, au dogo la kuangalia kwenye simu? Utalitunza mpaka lini? Utaweza kuibandika studio kwako bila kuniuliza? Majibu yaandikwe nyuma ya risiti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mpiga picha anayetaja bei mbili waziwazi hapotezi kitu. Asiye na uwezo atachukua mkungu, mwenye uwezo atachukua na shina, na hakuna atakayenung'unika msibani.

Picha ya gari au ya nyumba yaweza kupigwa tena. Mzazi aliyelazwa kihambani hatakaa tena mbele ya kamera, na bei ya sura yake ni afadhali ijulikane angali hai, akiitengeneza kanga yake vizuri begani.