Mtumba wa Harajuku

Ukitoka stesheni ya Harajuku, jijini Tokyo, upande mmoja kuna msitu wa hekalu la Meiji, umetulia kama alfajiri. Upande wa pili ni Takeshita, kichochoro cha mita 350 hivi: watu bega kwa bega, wasichana wenye magauni ya marinda na lesi, harufu ya krepu, wauzaji wakiita wateja. Nilihisi niko sokoni Kariakoo.

Mimi nilifuata furugi, yaani nguo kuukuu. Ndiyo mitumba yao, na nyingi zimetoka Marekani, kama nyingi za soko la Karume kwetu.

Dukani nilichagua blauzi na koti la jinzi. Kabla sijajaribu, muuzaji alinipa kitambaa chepesi cha kujifunika uso, vipodozi visije vikachafua kola. Viatu nikaviacha mlangoni mwa chumba cha kujaribia. Bei imeandikwa, hakuna kupatana. Hela unaiweka kwenye trei ndogo, na chenji unapewa kwa mikono miwili. Karume shati unalijaribu juu ya nguo zako, watu wanakutazama, na bei inashuka kadiri unavyogeuka kuondoka.

Nililishika lile koti nikamkumbuka mama. Alitusomesha kwa mitumba. Robota likishakatwa kamba, alikuwa anapekua haraka mno: vidole vinapita kwenye kola, kwapani, kwenye zipu, na kabla wenzake hawajainama ameshatenga za daraja la kwanza. Jioni anazipiga pasi ya mkaa, zilizofumuka anazipeleka kwa fundi cherehani. Shuleni tulichekwa kwa kuvaa nguo hizo hizo, nami nikawa namwomba asinipitie akiwa na mzigo kichwani. Hilo linaniuma hadi leo.

Harajuku jicho la namna ile linaheshimiwa. Mpiga picha Shoichi Aoki alianzisha jarida la FRUiTS mwaka 1997, akiwapiga picha vijana wa mitaa hii waliochanganya nguo kuukuu, za kushona wenyewe, hata kimono. Wametazamwa dunia nzima kama wabunifu. Mama yangu alikuwa mbunifu, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Usiku nilimpigia simu ya video, nikamwonyesha koti.

“Geuza nione mshono,” akasema. Nikageuza. Akasogeza uso kwenye kioo, akanyamaza kidogo.

“Vifungo vyake vyenyewe hivyo, hawajabadilisha. Hilo ningelitundika juu kabisa, mwanangu.”