Risiti ya Soko la Taveta

Nyumba yetu ilikuwa Bomeni, mjini Taveta, karibu na soko kiasi cha kusikia mikokoteni ya ndizi ikipita alfajiri kila Jumatano na Jumamosi. Hizo ndizo siku za soko. Wanunuzi walitoka Voi na Mombasa, wengine walivuka mpaka kutoka Holili na magunia ya maharage, na mama alikuwa na mikungu yake minane au kumi ameipanga kwa ukubwa. Getini alisimama askari wa kanju, yaani halmashauri ya mji. Ukilipa ushuru unapewa kikaratasi chenye muhuri wa tarehe, na tangu hapo hakuna anayekuuliza jina. Ukisimamishwa, unaonyesha kikaratasi. Jioni kinakuwa takataka.

Sisi watoto tuliujua udhaifu wake mapema. Mama akishaingia, nilikimbia na risiti yake hadi nyuma ya ua, nikampenyezea shangazi kwenye tundu, naye akapita getini kama aliyelipa. Askari alitazama muhuri, hakumtazama mtu. (Shangazi ni marehemu, na kanju yenyewe ilikufa 2013 kaunti zilipoingia, kwa hiyo deni hilo halina tena mdai wala mdaiwa.)

Siku hizi kazi yangu ni kujenga API, yaani ule mlango ambao programu moja hupitia kuiomba nyingine taarifa. Watu hudhani ugumu uko kwenye hesabu. Ugumu uko getini.

Mlango wangu wa kwanza niliujenga 2012, nikiwa likizo kutoka chuoni. Chama cha kina mama wauza ndizi kilikuwa na daftari moja la akiba, na mvua ilikuwa imelilowesha. Nikaandika programu kwa lugha ya PHP: kila mwanachama anaingia kwa namba ya simu na neno la siri, anaona alichoweka. Faili nilizipandisha moja moja kwenye seva kutoka saiba ya mjini, na stima ikikatika katikati, nusu ya programu inabaki mpya na nusu ya zamani. Kebo za baharini zilikuwa zimefika Mombasa tangu 2009, ila kwetu intaneti ilikuja kwa mwendo wa lori la ndizi kwenye barabara ya Mwatate kabla haijatiwa lami.

Wiki ya pili nikafungua jedwali la watumiaji kurekebisha jina lililokosewa. Safu ya maneno ya siri ilikuwa wazi, jinsi yalivyoandikwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeihifadhi hivyo. Karibu yote yalikuwa tarakimu nne. M-Pesa ilikuwa na miaka mitano wakati huo, na kwa kina mama wale "neno la siri" lilikuwa na maana moja tu. Walikuwa wamenipa PIN zao. Kwenye mstari wa mama nikakuta mwaka aliozaliwa kaka yangu mkubwa.

Nilikaa pale saiba nikitazama kioo. PIN za wanawake ishirini na kitu, kando ya namba zao za simu, zilikuwa kwenye seva ya kukodi ng'ambo, zimefika huko bila kufichwa, na mwenye saiba angeweza kuzisoma njiani kama angejua pa kuangalia. Hakuna aliyeibiwa. Lakini sikuwa na haki ya kusema hivyo kwa kujisifu, maana hata kama angeibiwa mtu nisingejua.

Dawa ilikuwepo tangu 1999, inaitwa bcrypt. Hulisaga neno la siri kama mahindi kinuni: unga unaupata, punje huirudishi. Kabla ya kusaga hutia kitu cha kubahatisha ili maneno mawili yanayofanana yatoe unga tofauti, na wataalamu wenyewe hukiita chumvi. Tena husaga polepole kwa makusudi, ili mwizi achoke. Mwalimu wangu mmoja alinifundisha hayo nikadhani nimemaliza. Sikuwa nimemaliza. Tarakimu nne ni michanganyiko 10,000 tu. Hata kila jaribio likichukua robo sekunde, yote yanaisha ndani ya dakika 45. Ikabidi nikatae tarakimu nne kabisa, na kumfungia anayekosea mara tano. Kina mama walinung'unika mwezi mzima.

Halafu 2017 Safaricom, wenye M-Pesa, wakafungua API yao iitwayo Daraja, na mtu wa kawaida mwenye laptopu akaweza kuunganisha programu yake na huduma hiyo. Unapewa funguo mbili. Unazipeleka mara moja, unarudishiwa tokeni ya sekunde 3,599, na kila ombi baada ya hapo unaonyesha tokeni. Muda ukiisha unaomba nyingine. Mkenya akisikia tokeni hufikiria ya stima, ile unayobonyeza mara moja ikaisha kazi. Hii ni tofauti. Niliposoma maelezo yake nilicheka peke yangu: hii ni risiti ya kanju! Na udhaifu ni ule ule, atakayeiokota ni yake. Ndiyo maana maisha yake ni mafupi, na ndiyo maana haipaswi kupita njia isiyofichwa.

Njia iliyofichwa inahitaji cheti. Shirika la Let's Encrypt hukitoa bure, ila changu kilikuwa cha siku 90, na nilikuwa nimeiachia seva ikihuishe yenyewe. Jumamosi moja mweka hazina wa chama akanipigia: "Mwanangu, simu inasema hapa si salama, na watu wamepanga foleni." Amri ya kuhuisha ilikuwa imekwama wiki kadhaa, nami sikuwa nimesoma hata kumbukumbu moja ya seva. Siku hiyo walirudi kwenye daftari.

Sheria ya Ulinzi wa Data ilipotiwa saini Novemba 2019, wenzangu waliilalamikia kama mzigo. Mimi niliikubali. Ningekuwa nimejenga mlango ule wa 2012 chini yake, ningestahili kuitwa kujieleza.

Kabla ya kuandika haya nilimpigia mama, nikamweleza yote, kuanzia shangazi hadi jedwali. Alikaa kimya, kisha akauliza kama ile PIN bado naikumbuka. Nikasema naikumbuka. Jioni hiyo aliibadilisha, na ameweka nini hakuniambia.