Viazi vya Nyeri Visivyo na Maziwa

Msafiri atokaye Mombasa, akishaipita Sagana na kuanza kupanda kuelekea Karatina, huhisi hewa imebadilika kabla hajauona mlima. Mlima Kenya wenyewe, wenye kimo cha mita 5,199, hupenda kujitanda mawingu mapema. Atakaye kuuona na aamke alfajiri. Viazi, kinyume chake, havijifichi. Soko la Karatina limejaa viazi mviringo, ambavyo wenyeji huviita waru, na aina itawalayo ni shangi, yenye ganda jembamba na kuiva upesi.

Hiyo ni nchi ya maziwa vilevile. Wakulima wa Mukurwe-ini wana kiwanda chao wenyewe cha maziwa, na mgeni hakaribishwi kwa chai ya rangi. Hata mukimo mara nyingi hulainishwa kwa siagi. Kwetu sisi tuliosafiri na mtoto ambaye maziwa humvimbisha midomo na kumbana pumzi, ukarimu huo ulikuwa mtihani: kukataa ni kumvunja mwenyeji moyo, kupokea ni kuhatarisha roho ya mtoto. Mwenyeji wetu, mama wa makamo wa mtaa wa Majengo mjini Nyeri, aliposikia alisema tu, "Basi mwanangu, jiko ni lako, viazi ni vyangu."

Tukapika viazi vya kujaza kwa namna ya Kigiriki. Wagiriki huweka feta, jibini ya maziwa ya kondoo. Sisi tuliweka korosho tulizozichukua nyumbani. Kikombe kimoja hurowekwa katika maji ya moto kwa saa moja, kisha husagwa pamoja na maji ya ndimu, chumvi na chembe ya kitunguu thomu mpaka rojo liwe zito.

Viazi sita vikubwa huoshwa, hutobolewa kwa uma, hupakwa mafuta ya zeituni na chumvi, na huokwa kwa digrii 200 muda wa saa moja hivi. Asiye na oveni na apalie makaa juu ya mfuniko, kama tufanyavyo kwa mkate wa sinia. Kuoka kwafaa huko kuliko kuchemsha, kwani kwa kimo cha Nyeri maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na sufuria hukawia. Viazi vikiiva hupasuliwa, nyama yake hupondwa kwa mafuta ya zeituni na ndimu, hurudishwa gandani na kuokwa tena dakika kumi. Juu yake huja nyanya, tango, kitunguu maji, zeituni, oregano kavu na rojo la korosho.

Zeituni zetu zilitoka dukani. Hata hivyo misitu ya Mlima Kenya ina mzeituni wake wa mwituni, mutamaiyu kwa Kikuyu, jamaa wa karibu wa ule wa Ugiriki, ingawa tunda lake ni dogo mno kwa sahani.

Wazazi wenzangu wenye mtoto wa namna hii wakumbuke kwamba siagi na samli ni maziwa pia, na pakiti ya majarini yapasa kusomwa. Korosho nazo zina watu zinaowadhuru. Mgeni aulizwe kwanza.

Tulirudi na shangi za kutosha wiki moja tu. Joto la pwani huzichipusha haraka. Ziwekwe ndani ya kikapu, gizani, na zilizogeuka kijani zitupwe.