Mnyama wa Miguu Mitano

Msafiri apitaye katika nyanda kame za magharibi ya New South Wales, huko Australia, jua likipunga, huwaona kangaruu wekundu wakila majani. Mwendo wao hapo huchekesha kidogo: mnyama huegemea mikono yake mifupi pamoja na mkia, kisha huipeleka mbele miguu ya nyuma yote miwili kwa mara moja. Mkia huo si pambo. Wataalamu walioupima mwaka 2014 waliona kwamba unausukuma mwili kwa nguvu sawa na ya miguu yote minne ikijumlishwa!

Lakini akishtuka huruka. Kano za visigino hutanuka kila atuapo, kisha hufyatuka kama uta. Hivyo akizidisha mbio, nguvu atumiazo haziongezeki sana. Na katika nchi ile mvua huweza kunyesha mbali, naye hana budi kuyafuata majani.