Kuvua Samaki Juu ya Barafu

Wengi wenu mwajua kuvua kwa ngalawa. Mimi nilipokaa Helsinki, nchi ya Ufini, nilivua nikiketi juu ya bahari yenyewe. Wakati wa baridi maji ya pwani na ya maziwa huganda juu. Mvuvi hutoboa tundu kwa keekee kubwa, akateremsha mshipi. Chini ziwani maji hubaki na joto la digrii 4 hivi, nao samaki huishi. Bahari ile ina chumvi haba, hata samaki wa ziwani aitwaye ahven hupatikana pwani pia.

Mzee jirani yangu alinifunza kupima barafu kabla ya kuvua. Sentimita 5 za barafu ngumu humchukua mtu mmoja. Lakini mwezi wa Aprili jua huilegeza, ikawa nene na dhaifu. Kwa hiyo wavuvi huvaa shingoni misumari miwili yenye mipini, ya kujiopolea wakitumbukia.

Siku moja ya Aprili samaki walikuwa wakila chambo vizuri mno. Mzee alitazama barafu imegeuka kijivu, akakunja mshipi, akasema, “Twende, kijana.” Tulirudi na samaki watatu tu. Kitoweo hutafutwa tena kesho, roho haitafutwi.