Glavu za Mpasuaji

Sisi tuliofunzwa na wazee kutotupa kitu kizima twaona uchungu mpasuaji atupapo glavu alizovaa mara moja tu. Dakt. William Halsted wa Baltimore, Marekani, alipompatia mwuguzi wake glavu za mpira, mnamo mwaka 1889 au 1890, zilikuwa za kutumiwa tena. Za leo sivyo, maana damu ya mgonjwa mmoja isimfikie mwingine. Basi uangalifu wetu na uwe kabatini. Jua, joto na unyevu huharibu mpira. Maboksi yakae pakavu, yaliyotangulia kuingia yatangulie kutoka. Pakiti iliyotoboka isitolewe. Avaaye anawe kwanza, wala mkono mtupu usiguse upande wa nje. Glavu iliyoozea kabatini ndiyo iliyopotea bure.